Mgonjwa wangu alinikuta na sigara mkononi

BARUA

Shangazi, assalaam alaykum.

Naomba usitaje kituo changu wala shehia yangu. Kisiwa chetu ni kidogo, habari hufika kabla ya mwenye habari.

Mimi nafanya kazi katika kituo kimoja cha afya huku Pemba. Nina miaka 34, mke na watoto wawili. Watu huniita daktari ingawa cheo changu hakijafika huko. Kwetu kila anayevaa koti jeupe na kuandika dawa ni daktari, nami nimeshachoka kuwasahihisha.

Miaka miwili iliyopita tulipewa mafunzo mafupi ya kumsaidia mgonjwa aache tumbaku. Tuliambiwa tusingoje mtu aje na kansa. Kila anayeingia, awe amekuja kwa presha, kikohozi au kidonda cha mguu, muulize kama anavuta au anatafuna. Mwambie wazi kwamba kuacha kutamfaa, bila kumkaripia. Pima kama yuko tayari. Akiwa tayari, panga naye siku na njia, kisha mfuatilie. Niliyapenda mafunzo yale kuliko yote niliyowahi kupata, kwa sababu kazi yetu nyingi ni vidonge, na hii ilikuwa kazi ya kukaa na mtu.

Kuna mgonjwa wangu mmoja, nitamwita Mzee. Ni mvuvi, ana miaka 58. Alikuja mwaka jana na kikohozi kisichokatika. Tulimpima makohozi, hana kifua kikuu, alhamdulillahi, lakini presha ilikuwa juu, na akipanda kijilima cha kutoka bandarini alilazimika kusimama mara mbili. Alianza kuvuta ana miaka 16, huko dagoni, kwenye kambi ya wavuvi, pale alipokuwa akitumwa na wakubwa kuwawashia sigara. Alikuwa akimaliza paketi nzima kwa siku.

Mara ya kwanza nilipomuuliza alicheka. Mara ya pili alikasirika: “Nimekuja kwa kifua, wewe unaniuliza sigara.” Mara ya tatu alianza yeye. Aliniambia mjukuu wake wa miaka minne ameokota kijiti, akakitia mdomoni, kisha akakitoa kwa vidole viwili vile vile anavyotoa babu yake. Sikumhubiria. Nilimuuliza tu, “Na wewe ulipomuona, moyo wako ulisemaje?” Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Haya, panga siku.”

Tulipanga iwe usiku wa mwandamo wa Ramadhani. Nilimuuliza sigara ya kwanza huivuta saa ngapi, akasema kabla hajatia udhu wa alfajiri. Hapo nikajua nikotini imemshika barabara. Dawa za kumsaidia hatukuwa nazo kituoni. Mkewe alikusanya viberiti vyote vya nyumbani akavifunga kwenye pindo la kanga. Wenzake wa barazani walimshauri atie tumbaku kwenye tambuu, eti haina moshi. Nikamkatalia, nikampa karafuu awe anaitia moja mdomoni. Siku za mwanzo alikuwa hasemezeki, alimgombeza mkewe kwa sababu ya chumvi ya mchuzi. Kila usiku baada ya tarawehe nilipita kwake dakika tano, tukakaa, nikaondoka. Idi ikapita hakuvuta. Mwezi wa tatu tangu aache alikipanda kile kijilima bila kusimama, akaja kunieleza kabla hata hajafika kwake. Miezi mitano, Shangazi, na sigara hakuigusa.

Sasa nije kwenye langu. Mimi mwenyewe navuta.

Nilianza chuoni, kwenye zamu za usiku. Siku hizi ni sita au saba kwa siku. Kazini sivuti. Nikimaliza huosha mikono kwa sabuni na kupiga mswaki. Mke wangu anajua, ila hatulizungumzi. Nimejaribu kuacha mara tatu, na mara ndefu kuliko zote nilifika siku 19.

Wiki tatu zilizopita, jua limeshazama lakini mwanga bado upo, nilikuwa nyuma ya nyumba karibu na sakafu ya kuanikia karafuu. Nikasikia hodi mlango wa mbele, sikuitikia. Nilipogeuka, Mzee amesimama pembeni ya ukuta na mtungo wa samaki, changu, mkononi. Sigara iko kati ya vidole vyangu, inawaka. Aliitazama, akanitazama mimi. Akasema, “Assalaam alaykum, daktari.” Sikumbuki kama niliitikia. Akautundika mtungo kwenye msumari wa mlango wa jikoni, akaenda zake.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku yake ya kuchukua dawa za presha. Hakuja. Mpaka leo hajaja, na yeye tangu nimjue hajawahi kukosa. Sijui kama amerudia sigara. Juzi kijana mmoja wa bandarini aliniambia, “Daktari, una kiberiti?” na wenzake wakacheka. Labda ni maneno ya vijana, labda Mzee amesema.

Mwenzangu wa kazini niliyemdokeza kaniambia niachane na habari za sigara, nitoe dawa nilizoajiriwa kutoa. Mke wangu anataka niende nikamuombe Mzee radhi. Mimi najiona mnafiki. Nimefikiria hata kuomba uhamisho. Tangu siku ile sijamuuliza mgonjwa hata mmoja kama anatumia tumbaku. Jana aliingia mama mjamzito, tumbaku nimeiona kwenye meno yake, nikamwandikia vidonge vya damu nikanyamaza.

Niende kwa Mzee nikamweleze ukweli, au kimya ndiyo heshima? Na nina haki gani ya kumwambia mtu aache?

Mganga asiyejiganga, Pemba

JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiweka, nikairudia baada ya adhuhuri. Nimeumia kwa ajili yako, na nimefurahi pia, maana mtu asiyejali asingeandika kurasa zote hizi kwa sababu ya mtungo wa samaki.

Nikikuelewa vizuri, ulimshika mkono mzee wa watu mpaka akatoka kwenye jambo lililomshika zaidi ya miaka 40, na wewe mwenyewe umo ndani ya jambo lile lile. Yeye amekuona. Tangu hapo hujamuona, na mdomo wako umefungwa mbele ya wagonjwa wengine. Unaniuliza habari ya kuungama na habari ya haki. Nitafika huko. Lakini katika kamba uliyonitumia kuna fundo moja ambalo haliwezi kungoja, nalo umelipitia kwa sentensi mbili tu: mgonjwa wa presha wa miaka 58, mapafu yake yamechoka, ana kama wiki mbili hana vidonge. Wewe unajua kuliko mimi presha inaweza kufanya nini ikiachiwa. Kabla ya radhi, kabla ya ukweli na aibu, kuna dawa za mtu ziko kwenye kabati lako. Hilo halihitaji uwe msafi. Linaweza kufanywa leo na wewe, na kama miguu yako ni mizito, na muuguzi mwenzako au mhudumu wa afya wa shehia anayezunguka majumbani.

Sasa tuje kwenye kile kimya chake.

Wewe umekisoma kama hukumu. Inawezekana. Lakini hebu rudi pale nyuma ya nyumba utazame tena. Mtu mzima anamkuta kijana anayemheshimu katika hali ambayo kijana hataki kuonekana. Anatoa salamu. Anamwita kwa cheo chake kile kile, daktari. Anaacha kitoweo alichokileta, harudi nacho. Anaondoka bila kuuliza. Mwanangu, kwetu sisi kitendo hicho kina jina, nalo ni sitara. Tumelelewa kwamba ukiiona aibu ya mwenzio, unaifunika. Huenda Mzee alikuwa anakufunika, na huenda haji kituoni kwa sababu hiyo hiyo: hataki ukae mbele yake na ile sigara iko katikati yenu. Mimi sikuwepo, sikuuona uso wake. Nasema tu kwamba maelezo uliyonipa yanabeba maana hii sawasawa na ile uliyoichagua wewe.

Na kuna maana nyengine ambazo hazikuhusu hata kidogo. Mvuvi hufuata bamvua. Huenda yuko dagoni. Huenda kuna mgonjwa nyumbani. Huenda, na hili nalisema kwa huruma, alikuwa ameshavuta moja au mbili kabla ya siku ile, akaja na samaki ili akwambie, na alipokukuta hakujua aanzie wapi. Anayerudia sigara huwakimbia wale wale waliomsaidia, maana ndio anaowaonea haya zaidi. Ikiwa ni hivyo, nyinyi wawili mnakimbiana kwa sababu moja.

Kijana wa kiberiti mwache. Vijana wa bandarini humuomba kiberiti kila apitaye.

Nakuja kwenye neno lako zito, haki. Umetia sahihi kwa methali, nami nimekaa nayo siku nzima. Mganga hajigangi. Watu huitumia kumcheka mganga. Mimi naisikia vyengine: mganga, kama binaadamu mwengine yeyote, anahitaji mganga. Ulipomsaidia Mzee, hukumsaidia kwa sababu wewe huvuti. Ulimsaidia kwa kumuuliza mara tatu bila kuchoka wala kumdhalilisha, kwa kumwachia aseme mwenyewe kilichomchoma kuhusu mjukuu wake, kwa kumtayarisha na siku ngumu, kwa zile dakika tano baada ya tarawehe. Mwanasaikolojia wa Marekani William Miller aliandika mwaka 1983, akiwa anashughulika na walevi, kwamba ukimsukuma mtu atajitetea, na ukimsikiliza mpaka aisikie sababu yake kwa sauti yake mwenyewe, hugeuka. Wewe ulifanya hivyo kwa swali moja. Ule moyo haukuwa wa uongo hata kama mfukoni mlikuwa na paketi.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba sigara yako haina uzito kwa wagonjwa. Inao. Imeonekana katika nchi nyingi kwamba daktari anayevuta huwauliza wagonjwa wake mara chache kuliko asiyevuta, na wewe umelithibitisha hilo kwa mama yule mjamzito. Waliotunga miongozo ya kifungu cha 14 cha mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, walilijua hili. Miongozo hiyo ya mwaka 2010 inasema wahudumu wa afya wasitumie tumbaku kwa kuwa watu huwatazama, na papo hapo inataka wale wanaotumia wasaidiwe kuacha. Haikusema wafukuzwe kwenye kazi ya kushauri.

Nikwambie habari ya madaktari wengine waliokuwa kama wewe. Mwaka 1951, Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza wakiwauliza wanavuta kiasi gani. Zaidi ya 40,000 walijibu, na wengi wao walikuwa wavutaji. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Aliacha pale uchunguzi wake wa mwanzo katika hospitali za London ulipomwonesha sigara inafanya nini kwenye mapafu. Madaktari wale walifuatiliwa miaka 50. Matokeo ya mwaka 2004 yalionesha kwamba waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa wastani wa kama miaka 10. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijirudishia kama miaka 3, aliyeacha na 50 kama 6, aliyeacha na 40 kama 9, na aliyeacha na 30 karibu yote. Tia umri wa Mzee hapo, kisha tia wako. Ninapozitazama hesabu hizi naona watu waliojua kila kitu kuhusu mwili na bado walivuta, na naona pia wengi wao waliacha. Kujua peke yake hakukuwatosha, hivyo usijishangae sana kwamba wewe pia hakukukutosha.

Haya, uende ukamweleze au usiende?

Mke wako ana hoja. Mzee ameshaona, huna cha kuficha tena. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ukikaa mbele yake ukasema, “Ndiyo, mimi navuta, nimejaribu mara tatu nimeshindwa,” huenda akakuamini zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu sasa anajua ulipomwambia siku tatu za mwanzo ni nzito hukuwa unasoma kitabuni. Lakini pana hatari zake. Mtu aliyeacha miezi mitano bado hajawa salama, na maneno “hata daktari imemshinda” yanaweza kuwa ndiyo mlango anaoutafuta. Hatari nyengine ni hila ya moyo: unaweza kwenda kwake ukidhani unampa ukweli, kumbe unamtwisha mzigo akubebee. Mgonjwa akaanza kumfariji daktari. Ukiwa unakwenda ili wewe upate usingizi, Mzee atalihisi hilo.

Kunyamaza nako kuna sura mbili. Kuna kunyamaza kwa kuiitikia sitara yake: yeye kafunika, nawe unapokea, mnaendelea na presha na kifua kana kwamba pale nyuma ya nyumba hamkuonana. Wazee wetu wengi wameishi hivyo na mapenzi yakabaki. Na kuna kunyamaza kwa kumkwepa, kumpa dawa bila kumtazama, kuacha kumuuliza kama bado hajavuta. Hicho ndicho kimya ninachokiogopa, kwa sababu kinamuondolea mtu aliyekuwa akimhesabia siku zake.

Katikati ya hapo kuna kumuuliza kwanza yeye. Umpelekee dawa, umpime, umuulize hali ya kifua, umuulize kwa upole ule ule wa mwaka jana kama sigara bado iko mbali. Kisha usikilize. Huenda akaifungua mwenyewe habari ya ile jioni, huenda akaipita. Ukiona anaipita kwa makusudi, hapo utapima. Na kama unaona uso wako ndio utakaomzuia kurudi kituoni, mwambie kuna mwenzako anayeweza kumhudumia. Lipime na mkeo hili, yeye anaijua familia ile na mimi siijui.

Mama mjamzito naomba umtafute. Hapa niruhusu niseme kidogo habari zangu. Marehemu mume wangu alivuta tangu ujana. Alikwenda hospitali hii na hii kwa kifua, miaka, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza, “Bwana, unavuta?” Nilipokuwa nikimsema nyumbani alinijibu, “Ingekuwa ndiyo inayoniua, daktari angesema.” Kimya cha mwenye koti jeupe mgonjwa hukichukua kama ruhusa. Wewe ulikuwa na sababu yako ya kunyamaza, lakini mama yule haijui, ametoka pale akiamini tumbaku yake haina neno. Na sisi wanawake wa visiwani tumeizoea mno. Bibi yangu alikuwa na kijaluba chake, tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, na vitu hivyo kwa jumla tukiviita uraibu. Leo neno hilo hilo ndilo linalotumika kwa mtu aliyeshikwa na kitu asichoweza kukiacha. Tumbaku ya kutafuna huleta kansa ya kinywa, popoo nayo kivyake, na kwa mjamzito tumbaku inaweza kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo, au afie tumboni. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku mwaka 2024, lilisema kila mtumiaji apewe ushauri mfupi kila anapoonana na mhudumu, wa sekunde 30 mpaka dakika 3. Nusu dakika, mwanangu. Unaweza kuisema hata siku ambayo wewe mwenyewe umevuta asubuhi.

Na sasa sigara yako.

Umenieleza Mzee alianza na miaka mingapi, anavuta ngapi, ya kwanza saa ngapi, nani alimfichia viberiti. Kuhusu wewe umeniandikia mistari minne. Kwa hiyo nakuuliza mimi, kama ulivyofundishwa kuuliza. Sigara ya kwanza unaivuta lini baada ya kuamka? Ipi kati ya hizo saba ndiyo ngumu kuiacha? Siku ya 19 ulikuwa umeshaupita ukali wote, maana arosto ya nikotini hukaba zaidi siku tatu za mwanzo, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki mbili mpaka nne. Basi siku ya 20 kulitokea nini? Ilikuwa zamu ya usiku? Ugomvi? Furaha? Sikuulizi ili nikuhukumu. Kushindwa mara tatu kuna mambo kumeacha nyuma, na sijui kama uliwahi kukaa na mtu ukayatazama.

Nadhani hukuwahi. Mara zote tatu uliacha peke yako, kwa siri ile ile unayovutia. Mzee alikuwa na mke, alikuwa na siku, alikuwa na wewe baada ya tarawehe. Wewe ulikuwa na nani? Kuna mwenzako katika kituo cha mbali kidogo, Wete, Chake au Mkoani, mliosoma naye, unayeweza kumwambia, “Nihesabu mimi ni mgonjwa wako”? Najua unaogopa maneno, na maneno yatakuwepo. Lakini mkeo tayari anajua, na nyumba yenye siri ambayo wote wanaijua huchosha kuliko nyumba yenye kasoro.

Dawa zipo, ingawa kituoni kwako hazipo. Vibandiko vya nikotini na jojo za nikotini za kutafuna zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na vidonge kama vareniklini na bupropioni viliongezwa mwaka 2021. Ulizia maduka ya dawa ya Chake au Unguja kabla hujapanga siku, usije ukapanga siku kisha ukaanza kutafuta. Ile ya kutafuna wengi huikosea: haitafunwi mfululizo kama pipi, unaitafuna taratibu mpaka usikie ukali, kisha unaiegesha kati ya shavu na ufizi, unangoja, unarudia. Kama sigara yako ya kwanza ni ndani ya nusu saa baada ya kuamka, hutumika ya miligramu 4, vyenginevyo ya 2. Ukija kuitaka katika Ramadhani, ya kutafuna iweke usiku, na ya kubandika muulize sheikh unayemwamini. Karafuu uliyompa Mzee si dawa ya nikotini, lakini iliupa mdomo wake kazi, na huo nao ni msaada.

Uhamisho sitakuzuia kuuwaza. Ila utakapopanda boti na mizigo yako, angalia mfukoni umebeba nini.

Huenda usiwe tayari kuacha mwaka huu. Huenda ukaenda kwa Mzee kesho, huenda ukangoja. Sikujui kiasi cha kukuchagulia, na wewe si mtu wa kuchaguliwa. Lakini kuna kitu kimoja hukukiandika, nimekitafuta kwenye barua mara mbili sikukiona. Wale changu. Hukuniambia kama mliwapika, au uliwagawa kwa jirani kwa uchungu. Na hukuniambia kama ulimshukuru. Mtu alitoka baharini, akachagua samaki wazuri, akakuletea mpaka mlangoni kwa sababu kifua chake kimefunguka. Wiki tatu zimepita.

Ukijikuta siku moja umesimama mbele ya nyumba yake, pakiti ya dawa za presha mkononi, na hujui neno la kwanza liwe lipi, unaweza kupiga hodi ukasema, “Mzee wangu, nimekuja kushukuru kile kitoweo.” Yatakayofuata mtayaona wenyewe.

Niandikie.

Shangazi yako